Kiapo cha Ndugu Watatu

Kuapa ni kazi ya dakika moja. Mtu huinua mkono, hutamka maneno machache mbele ya mashahidi, na jambo limekwisha. Kukitimiza kiapo ndiko kunakochukua miaka, na aghalabu anayekilipia si yule aliyeinua mkono. Jambo hili nimelifikiria kwa muda mrefu kwa sababu ya picha moja ya Mfaransa ambayo niliitumia kufundishia historia katika chuo cha ualimu. Picha yenyewe iko Paris, katika jumba la makumbusho la Louvre, nami sijafika huko. Nakala yangu ni ya karatasi, imefifia kwa jua na pembe zake zimeliwa na mende. Lakini karatasi hiyo imenifundisha mengi kuliko vitabu vingi vyenye jalada gumu.

Mchoraji wake aliitwa Jacques-Louis David. Aliichora mjini Roma mwaka 1784, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwanza huko Roma, kisha Paris. Katika miji yote miwili watu walimiminika kuitazama. Ni picha ya rangi za mafuta, kubwa kama ukuta wa chumba cha kulala: kimo chake ni sentimita 330 na upana wake sentimita 425. Jina lake ni Kiapo cha akina Horatius.

Hebu nikueleze, msomaji, kilichomo. Ni ukumbi wa nyumba ya kale ya Kirumi, mtupu, hauna pambo lolote. Nyuma kuna matao matatu yenye nguzo, na kwa kadiri ya matao hayo watu nao wamepangwa katika makundi matatu. Kushoto wamesimama vijana watatu, ndugu wa tumbo moja, miguu wameitanua, mikono wameinyoosha mbele. Mmoja amemshika mwenzake kiunoni, kana kwamba wote watatu wamekuwa mwili mmoja. Katikati amesimama baba yao, mzee mwenye joho jekundu, ameinua juu panga tatu. Mikono ya wanawe inazielekea panga hizo, na macho ya mtazamaji nayo huvutwa papo hapo, kwa maana mchoraji amezipanga katikati kabisa ya picha. Kila kitu upande huo kimenyooka: mikono, miguu, mikuki, panga. Hakuna anayeyumba.

Upande wa kulia mambo ni mengine. Wamekaa wanawake, wameinama, mikono imelegea mapajani. Wawili wameegemeana vichwa. Nyuma yao, mahali penye giza kidogo, mwanamke mwingine mwenye vazi jeusi amewakumbatia watoto wawili. Mzee amewapa mgongo wote hawa. Wale vijana hawawatazami. Kati ya kundi la kushoto na kundi la kulia kuna nafasi ndogo tu ya sakafu, hatua mbili au tatu, lakini hakuna anayeivuka.

Sasa kisa chenyewe. Kimesimuliwa na Titus Livius, mwandishi wa historia ya Warumi aliyeishi zama za Kaisari Augusto. Anasema kwamba katika enzi ya mfalme wa tatu wa Roma, Tullus Hostilius, Warumi waliingia vitani na watu wa mji jirani wa Alba Longa. Vita hiyo ilikuwa mbaya kuliko vita ya kawaida, kwa sababu watu wa miji hiyo miwili walikuwa jamaa. Warumi wenyewe walijihesabu kuwa chimbuko lao ni Alba. Walikuwa wameoana na walizikana. Ndipo wakubwa wa pande mbili walipopatana jambo ambalo kwa mtu wa leo linaweza kuonekana la ajabu, na pengine la busara: badala ya majeshi mawili kuchinjana, kila upande utoe watu watatu. Watakaoshinda, mji wao utautawala mwingine. Roma ikawatoa ndugu watatu wa ukoo wa Horatius, waliozaliwa pamoja. Alba ikawatoa ndugu watatu wa ukoo wa Curiatius, nao pia waliozaliwa pamoja.

Majeshi yakakaa pande mbili yakitazama. Warumi wawili wakaanguka, mmoja juu ya mwenzake. Waalba wote watatu walikuwa wamejeruhiwa, lakini walikuwa bado watatu. Yule Horatius mmoja aliyebaki hakuwa na jeraha hata moja, ila alijua hawezi kuwakabili wote kwa pamoja. Akakimbia. Hakukimbia kwa woga. Alijua kwamba kila mmoja atamfuata kwa kadiri majeraha yake yatakavyomruhusu. Alipogeuka na kuona wameachana, akamrudia wa kwanza akamuua, kisha wa pili, na wa tatu alimkuta hoi hata hawezi kuinua silaha. Hivyo Roma ikashinda. Livius anasema makaburi yalikuwa bado yanaonekana: mawili ya Warumi pamoja, na matatu ya Waalba mbalimbali, kila moja mahali mwenyewe alipoangukia.

Kama kisa kingeishia hapo kingekuwa hadithi ya ushujaa na ujanja wa vita, nasi tungewasimulia watoto jioni. Lakini hakikuishia hapo. Yule kijana alirudi mjini mbele ya jeshi akiwa amebeba nyara za maadui watatu. Penye lango la mji, liitwalo Porta Capena, akakutana na dada yake. Binti huyo alikuwa mchumba wa mmoja wa wale akina Curiatius. Juu ya mabega ya kaka yake akaliona joho alilolishona yeye mwenyewe kwa mikono yake kwa ajili ya mchumba. Hakuhitaji kuambiwa neno. Akazifungua nywele zake na kumlilia marehemu kwa jina. Kaka yake akamchoma upanga palepale, na kutamka kwamba hiyo ndiyo itakuwa adhabu ya kila mwanamke wa Kirumi atakayemlilia adui.

Kijana alishtakiwa na kuhukumiwa kufa. Akakata rufaa kwa wananchi. Baba yake akasimama na kusema kwamba binti yake aliuawa kwa haki. Akawaomba watu wasimwache bila mtoto hata mmoja, yeye ambaye jana tu alikuwa na watoto wengi. Watu wakamwachia huru, na Livius, kwa uungwana wa mwanahistoria mzuri, anatuambia kwamba walifanya hivyo kwa kuupenda ushujaa wake zaidi kuliko kwa kuiona haki yake. Wakatandaza boriti juu ya njia, wakampitisha chini yake kichwa kimefunikwa, ili kuisafisha damu ya dada yake. Boriti hiyo iliitwa boriti ya dada, na serikali iliendelea kuitengeneza kwa vizazi na vizazi.

Mimi humwona mzee yule akiwa na hesabu mkononi. Asubuhi alikuwa na wana watatu na binti mmoja. Jioni alikuwa na mwana mmoja, naye ni mshitakiwa.

Jambo moja lilinishangaza nilipoanza kusoma habari za picha hii: kiapo chenyewe hakimo. Hakimo katika kitabu cha Livius, wala hakimo katika tamthilia ya Pierre Corneille ya mwaka 1640, ambayo Wafaransa wa zama za David waliijua vizuri. Mwanzoni David alichora mchoro wa mzee akimtetea mwanawe mbele ya wananchi, yaani mwisho wa kisa. Kisha akauacha, akabuni tukio ambalo hakuna aliyelisimulia: baba akiwaapisha wanawe nyumbani kabla hawajaondoka. Nadhani alifanya vizuri. Angechora mwisho, tungewaonea huruma watu ambao mambo yao yamekwisha. Alipochora mwanzo, alituweka mahali ambapo bado hakuna aliyekufa. Joho bado liko kwa mchumba. Panga bado ziko mkononi mwa baba. Sisi watazamaji ndio tunaojua, pamoja na wale wanawake, maana machozi yao yanaonyesha kwamba wao wameshapiga hesabu.

Nilipokuwa nikifundisha wanachuo walioandaliwa kuwa walimu, nilikuwa na zoezi langu. Nilibandika picha ubaoni, na theluthi yake ya kulia nikaifunika kwa karatasi ya manila. Nikawauliza: Mnaona nini? Majibu yalikuwa yaleyale kila mwaka, nami niliyaandika ubaoni: ushujaa, umoja, utii kwa wazazi, uzalendo, kujitoa mhanga. Niliyakubali yote, kwa kuwa yote yamo. Kisha nikaiondoa karatasi, nikakaa kimya.

Darasa nalo lilikaa kimya kwa muda. Baadaye mjadala ulianza, na ulikuwa mkali. Mwaka mmoja mwanachuo wa kiume alisema wale wanawake wangekatwa picha ingekuwa na nguvu zaidi, kwa sababu wanawavunja moyo wapiganaji. Mwenzake akamjibu kwamba bila wanawake hao tusingejua vijana wanatoa nini. Yeyote anaweza kutoa kitu kisicho na thamani. Mwaka mwingine binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, alinyoosha mkono akauliza: “Mwalimu, yule mtoto ataapishwa lini?”

Sikuwa nimemtilia maanani sana mtoto huyo. Nikakaribia ubao. Kweli, mwanamke mwenye vazi jeusi amewakumbatia watoto wawili, akijaribu kuwaziba macho wasione. Mmoja amezibwa akazibika. Yule mkubwa kidogo anachungulia. Mkono wa yaya hautoshi. Macho ya mtoto yamepita, yanatazama panga. Katika upande wote wa kulia, ni yeye tu anayewatazama wanaume.

Tangu siku hiyo swali la binti yule ndilo nililolifanya swali la kumalizia somo. Mtoto anajifunza nini pale? Hakuna aliyemwita kufundishwa. Hakuna andalio la somo. Lakini yuko darasani kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kumfundisha, na alichokiona hatakisahau. Sisi walimu hudhani tunafundisha tunapoandika ubaoni. Kumbe mtoto hufundishwa zaidi na yale anayoyachungulia kati ya vidole vya mtu anayemzuia asiyaone.

David mwenyewe alikuwa na miaka tisa hivi baba yake alipouawa katika pambano la watu wawili kwa silaha, lile ambalo Wazungu wa zama zile walilipigana kwa ajili ya heshima. Akalelewa na wajomba. Sisemi kwamba alijichora mwenyewe katika mtoto yule, maana moyo wa mchoraji siujui. Nasema tu kwamba alikuwa mtu aliyejua nyumba hubaki vipi baada ya wanaume kutoka kwenda kulinda heshima.

Naomba hapa nieleze jambo la kwetu, kwa sababu bila hilo pengine picha ya Mfaransa isingenigusa kiasi hiki. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu na kudai kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Nilikuwa mwalimu kijana katika mkoa huo, ambao wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi na ndio Kagera ya leo. Watu wa pande mbili za mpaka ule si wageni. Wameoana tangu enzi za mababu, lugha zao hukaribiana, na kabla ya vita mtu aliweza kwenda msibani ng'ambo na kurudi. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameoa binti wa Masaka. Aliposikia wito, yule mwalimu alijiunga na mgambo, naye hakusukumwa na mtu. Mkewe alikuwa na kaka ng'ambo ya pili, na mmoja wao alikuwa askari.

Vita ile ilikuwa ya haki. Nalisema hili bila kusita, maana nyumba ikivamiwa mwenye nyumba hana budi kusimama. Nilikuwepo, niliwaona waliokimbia na vyombo vyao vichwani. Jeshi letu liliwafukuza wavamizi, likavuka Mutukula, na Februari 1979 likaichukua Masaka, mji ambao uliharibiwa vibaya. Siku redio ilipotangaza habari za Masaka, watu mtaani walishangilia, nami nilishangilia. Yule mama alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Alizikusanya zote, pamoja na zile mbichi, akaingia ndani na kufunga mlango.

Hakuna aliyemtamkia neno baya. Majirani walikuwa watu wema. Lakini hakuna pia aliyebisha hodi siku ile, kwa sababu hatukujua salamu gani inafaa. Pole? Pole ya nini, na mji wa adui umeanguka? Hongera? Baada ya siku mbili bibi kizee mmoja, mama wa mwenye nyumba, alikwenda na bakuli la uji, akakaa naye. Hakuuliza habari za upande wowote. Alikaa tu. Mume alirudi salama baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979. Habari za yule kaka askari hazikupatikana kamwe.

Kwa hiyo nilimjua Sabina kabla sijasoma jina lake. Sabina ni mwanamke ambaye Corneille alimwingiza katika tamthilia yake: dada wa akina Curiatius, aliyeolewa na Horatius. David amemchora pale kulia, ameegemeana na Camilla, yule binti aliyeshona joho. Mmoja mumewe anakwenda kupigana na kaka zake. Mwingine kaka zake wanakwenda kupigana na mchumba wake. Yeyote atakayeshinda, wao wamefiwa. Methali yetu ya mafahali wawili na nyasi huieleza hali hiyo, ila nyasi hazina sauti. Camilla alikuwa na sauti, akaitumia, na ndiyo iliyomuua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na yule mzee wa Kirumi aliyesema binti yake aliuawa kwa haki. Kumlilia mtu si kumsaliti mtu mwingine. Taifa linaloweza kushinda vita lakini haliwezi kuvumilia kilio cha mwanamke mmoja langoni, ushindi wake una ufa. Nadhani Warumi wenyewe walilijua hilo, la sivyo wasingeihifadhi ile boriti miaka yote.

Maisha ya David baada ya picha hii ni somo lingine. Picha iliagizwa kwa ajili ya mfalme, Louis wa 16. Mwaka 1789 Mapinduzi ya Ufaransa yakaanza. Tarehe 20 Juni ya mwaka huo wajumbe wa bunge, wakiwa wamefungiwa nje ya ukumbi wao, waliapa katika uwanja wa ndani wa mchezo wa tenisi kule Versailles kwamba hawatatawanyika mpaka nchi ipate katiba. David akapewa kazi ya kukichora kiapo hicho. Alitengeneza mchoro wenye mikono mingi iliyonyooshwa, ikimwelekea Bailly, aliyesimama katikati akikisoma kiapo. Hakuimaliza kamwe picha hiyo. Wakati wa kuichora walioapa walikuwa wameanza kuuana. Bailly mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1793. Mchoraji anayetaka kuchora umoja hana budi afanye haraka.

Yeye mwenyewe hakusimama kando. Alikuwa mbunge, na Januari 1793 alipiga kura mfalme auawe, mfalme yuleyule ambaye picha ya akina Horatius iliagizwa kwa ajili yake. Mke wake, Charlotte, hakukubaliana na kura hiyo, nao wakatalikiana mwaka 1794. Mwaka huohuo rafiki yake Robespierre akaanguka na kuuawa, David akatiwa gerezani. Aliyekwenda kumwona huko ni Charlotte. Mwaka 1796 wakaoana tena.

Na huko gerezani David alianza kuwaza picha nyingine ya kale ya Kirumi, aliyoimaliza mwaka 1799. Ni kisa cha wanawake wa Kisabini. Warumi wa kwanza, wakiwa hawana wake, waliwateka mabinti wa jirani zao Wasabini. Baadaye Wasabini walikuja na jeshi kulipiza kisasi, lakini wakati huo wale mabinti walikuwa wake na mama. Wakaingia katikati ya majeshi mawili. Katika picha hiyo Hersilia, aliyevaa nguo nyeupe, amesimama katikati kabisa, mikono ameitanua, upande mmoja baba yake Tatius, upande mwingine mumewe Romulus mwenye mkuki. Watoto wachanga wako chini, miguuni pa wapiganaji. Kwa nyuma, mpanda farasi mmoja anarudisha upanga wake alani.

Zipange picha hizo mbili pamoja, msomaji, uone kilichotokea katika miaka 15. Mwaka 1784 katikati ya picha kulikuwa na panga, na wanawake walikuwa pembeni wameketi. Mwaka 1799 katikati kuna mwanamke amesimama, na panga ndizo zimesukumwa pembeni. Mikono imenyooshwa katika picha zote mbili, lakini ya kwanza imenyooshwa kupokea silaha na ya pili kuizuia. Sijui mwalimu yeyote wa vitabu ambaye angeweza kumfundisha David somo hilo. Alifundishwa na miaka ile yenyewe.

Hakufa nchini mwake. Wafalme waliporudi madarakani, waliopiga kura ya kumuua Louis walifukuzwa, na David akaenda kuishi Brussels, alikofariki mwaka 1825. Serikali ya Ufaransa ilikataa mwili wake urudishwe.

Mkono ule ulionyooshwa nao ulikuwa na safari yake. Wengi hudhani ndiyo saluti ya Warumi wa kale. Lakini hakuna maandishi ya Kirumi yanayoieleza saluti ya namna ile. Iliingia katika mawazo ya watu kutokana na picha za aina hii, kisha michezo ya jukwaani na sinema, mpaka Wafashisti wa Mussolini na Wanazi wa Hitler wakaichukua katika karne ya 20. Mchoraji hana hatia kwa hilo. Lakini yule mtoto anayechungulia hayumo ndani ya picha peke yake. Vizazi vizima vimechungulia, na vingine vimejifunza mkono bila kujifunza machozi.

Nimebakiza jambo moja, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Livius aliandika zaidi ya miaka 600 baada ya wakati ambao kisa hiki husemekana kilitokea. Naye anakiri kwa unyofu kwamba haijulikani kwa hakika ni ndugu gani walikuwa wa upande gani. Majina yanajulikana, Horatius na Curiatius, ila wasimulizi walitofautiana kuhusu nani alikuwa Mrumi na nani alikuwa Mwalba. Yeye amewafuata walio wengi.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu. Watu sita waliapa, watano wakafa, binti akauawa kwa kulia jina lisilofaa, na baada ya karne chache wanahistoria hawakuwa na hakika nani alikuwa nani. Alba Longa ilibomolewa na mfalme yuleyule Tullus, na watu wake wakahamishiwa Roma wakawa Warumi. Wajukuu wa pande mbili wakakaa mji mmoja. Kumbe kilichokuja kukumbukwa bila shaka yoyote ni boriti ya dada.

Je, nawafundisha vijana wasiape? La hasha. Kila mwalimu ninayemheshimu aliweka ahadi na kuishika, na nchi isiyo na watu wa kuapa kuilinda haitadumu. Wale vijana watatu siwacheki, wala baba yao simdharau. Angetaka kuwaficha wanawe, wengine wangekwenda badala yao. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Anayegawa panga ageuke kwanza atazame upande wa kulia wa chumba. Si lazima aghairi. Lakini awaone, awahesabu mmoja mmoja, na ajue kilio cha nani atakisikia jioni. Na kikitokea kilio hicho, asikiite uhaini. Apeleke bakuli la uji, akae.